Napita Tu: Kutoka Mpanda Hadi Ng'ambo ya Zambezi

Mtu wa Mpanda ukimuuliza nchi ya jirani ni ipi, atakuonyesha magharibi kwa kidevu. Huko ndiko iliko Karema, na ng'ambo ya maji kutoka Karema ni Kongo. Wapo wavuvi wetu wa Ikola wanaoijua Kalemie kuliko wanavyoijua Dar es Salaam, wala siwalaumu. Kwa hiyo mtoto wa marehemu dada yangu aliponipigia simu akiwa Kasane, Botswana, akisema mkewe amejifungua na nifanye hima nikamwone mjukuu, sikuanza na habari ya nauli. Nilimuuliza kwanza Botswana iko upande gani.

"Kusini, Mama mdogo. Unapita Zambia yote. Ukishavuka Zambezi, umefika."

"Na viza?"

"Huhitaji. Zambia hawatudai, Botswana hawatudai. Zambia wewe unapita tu."

Kijana huyu nimemlea mimi. Alikuwa akiendesha magari ya watalii katika Hifadhi ya Katavi, akapata kazi ya namna hiyohiyo Kasane, kazi ikampatia mke, na mke sasa kampatia mtoto. Hana tabia ya kutia chumvi. Hata hivyo nilibaki na mashaka. Nchi nzima nipite katikati yake, bila kibali, bila kulipa senti, eti kwa sababu nakwenda kwa mwingine?

Habari ilizunguka soko la Mpanda kabla sijafunga duka langu la vitenge. Kila mtu alikuwa na elimu yake. Mmoja alisema bila viza maana yake bila pasipoti, nichukue kitambulisho cha NIDA inatosha. Mwingine akasema viza hulipwa palepale dirishani kwa dola. Wa tatu, aliyewahi kufika Tunduma na wala hakuvuka, aliapa kwamba wanatazama viatu vyako. Huyo wa viatu nilimcheka sana, na nitamrudia baadaye.

Pasipoti ilitakiwa, na iwe na zaidi ya miezi sita kabla ya kwisha muda. Nilijaza fomu mtandaoni kwa msaada wa binti wa steshenari, nikalipa shilingi 150,000, nikaenda kuweka alama za vidole. Ni ile ya kielektroniki iliyozinduliwa Januari 2018, yenye maandishi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki juu ya jina la nchi yetu. Kwenye benchi nilikaa na mama wa Katumba. Wazazi wake walikimbia Burundi mwaka 1972, yeye kazaliwa hukuhuku Katavi, na ni mmoja wa wale watu kama 162,000 waliopewa uraia wa Tanzania. Bahasha yake ilikuwa nene mara tatu ya yangu. Alikuwa anakwenda Bujumbura kuona kaburi la babu, nako hakuhitaji viza. Tukatazamana tukacheka: wanawake wawili wa mkoa uliojificha porini, mmoja anakwenda kaskazini, mmoja kusini, na hakuna ubalozi hata mmoja tuliobisha hodi.

Nilichanja homa ya manjano pia, nikapewa ile kadi ya njano. Muuguzi akaniambia niitunze, maana tangu 2016 ni kadi ya maisha, haihitaji kuhuishwa kila baada ya miaka kumi kama zamani. Nikaifunga kwenye leso pamoja na pasipoti. Mwanangu alinipa onyo moja tu: nisibebe nyama, nisibebe maziwa. Nikabeba vitenge na kanga.

Basi liliondoka Mpanda alfajiri. Sitalike tulifika jua likiwa limechomoza, na kwenye daraja la Mto Katuma abiria wote tulihamia upande mmoja wa basi kama vile hatujawahi kuona kiboko. Agosti maji yamekauka. Viboko wanabanana kwenye tope, mgongo juu ya mgongo, wakigombana na kupiga miayo. Baada ya hapo barabara inaingia hifadhini, kilomita za mraba 4,471 za nyika na miombo, na mbung'o nao wakaingia dirishani. Kondakta akatangaza tufunge vioo. Mzee wa kiti cha mbele alimuua mmoja kwa kofia, akasema, "Huyu naye hana viza." Basi lote likacheka. Nadhani kila aliyekuwa humo alikuwa ameshajua ninakokwenda.

Kutoka hapo hadi Sumbawanga ni nchi ninayoifahamu, tulikuwa mkoa mmoja hadi 2012 Katavi ilipokatwa kutoka Rukwa, kwa hiyo nililala. Niliamshwa na baridi. Uwanda wa Ufipa una upepo wake, wa kupenya kwenye mishono, na kuanzia Laela hadi karibu na Tunduma ni mashamba yaliyokwisha kuvunwa, makavu, ya rangi ya kahawia mpaka macho yanachoka.

Kisha malori. Nilijua Tunduma ina malori. Sikujua kwamba mji wenyewe ni malori yenye nyumba pembeni. Yamepanga foleni kilomita kwa kilomita, madereva wakiwa wametandika mikeka chini ya matela, wanapika, wananyoana, wanafua. Mengine yanatoka Kongo na shaba kwenda bandari ya Dar, mengine yanapeleka mafuta na bidhaa. Mwaka huo wa 2024 yalikuwapo pia malori ya mahindi, maana ukame ulikuwa umeikausha Zambia na Wakala wa Chakula wetu ulikuwa umekubali kuiuzia tani 650,000. Nililala gesti ya karibu na stendi, injini zikinguruma usiku kucha.

Asubuhi yake ndiyo nilivuka. Nilitegemea mlingoti, geti, askari wa huku na askari wa kule, na kati yao kipande cha ardhi kisicho na mwenyewe. Hakipo. Tunduma na Nakonde zimeshikana kama mji mmoja. Mtaa unaanza Tanzania unaishia Zambia, na Wanyamwanga wapo pande zote mbili kwa sababu walikuwapo kabla Wajerumani na Waingereza hawajagawana mwaka 1890. Tangu Oktoba 2019, marais Magufuli na Lungu walipouzindua, mpaka huu una kituo cha pamoja: anayetoka Tanzania anamalizana na maofisa wa nchi zote mbili upande wa Zambia, chini ya paa moja. Mtanzania anakugongea mhuri wa kutoka, unapiga hatua chache, Mzambia anakusubiri.

Wa kwetu hakuniuliza mengi. Wa Zambia, kijana mwenye miwani, alinisalimu kwa Kiingereza, akaona nababaika, akahamia Kiswahili cha Nakonde bila shida yoyote.

"Mama, unaenda wapi?"

"Botswana."

"Kwa nani?"

"Kwa mwanangu. Kapata mtoto."

"Hongera. Na hapa Zambia?"

"Hapa napita tu."

Nilidhani neno hilo lingefunga mazungumzo. Ndilo lililoyafungua. Napita kwa gari gani? Nitalala wapi Lusaka? Nitatokea mpaka upi, Kazungula au mwingine? Mwanangu anafanya kazi gani, ana kibali cha kukaa? Namba yake ya simu? Nauli ya kunifikisha ninayo? Na ya kurudi je? Nikatoa barua ya mwaliko aliyoniandikia kijana, na nakala ya kibali chake. Akavisoma vyote bila haraka, nyuma yangu foleni ikikohoa.

Hapo ndipo nilipoielewa sheria hii kwa akili za nyumbani. Kwetu uswahilini, nyumba ya shoga yako ikiwa nyuma ya nyumba ya Mama fulani, unakatiza uani kwake. Hakudai kitu. Lakini hupiti kimya kimya. Unasema hodi, napita, naye huku akipepeta mchele wake atakuuliza: kwa nani? kuna nini huko? utarudi saa ngapi? Akisikia kwamba huko unakokwenda hawakujui, au huna jibu, uani hapo hapapitiki. Yule kijana wa miwani alikuwa anapepeta mchele wake. Alichotaka kujua si kwamba ninaingia. Alitaka kuwa na hakika kwamba nitatoka, na kwamba mlango wa pili nitafunguliwa.

Aliporidhika aligonga mhuri na kuandika 30 kwa kalamu. Siku 30. Nilimwambia mimi zinanitosha chache tu za njiani. "Zichukue, mama," akasema. "Zambia ni ndefu."

Nje nilikaa kwenye mabegi yangu kando ya dereva wa lori wa Kitanzania aliyekuwa akisubiri karatasi za mzigo. Watu wa kuulizwa mambo ya mipaka ni hawa. Aliniambia yeye viza haimsumbui tena kichwa, kinachomsumbua ni siku. "Dada, anayekuja kutembea wanaweza kumwongezea mpaka 90. Ukisema umekuja kibiashara, ni 30 kwa miezi 12, basi. Kwa hiyo hapo dirishani ujue umekuja kama nani." Baadaye nilisoma zaidi. SADC walitia saini itifaki ya watu kuvuka mipaka kwa urahisi mwaka 2005, ila nchi zilizoiridhia hazijatimia, kwa hiyo milango hii tunayopita imefunguliwa kwa makubaliano ya nchi na nchi. Ndiyo maana Mtanzania anapita bure Zambia, Malawi, Zimbabwe, Botswana na Afrika Kusini, lakini kila moja ina masharti yake na namna yake ya kuhesabu.

Na sisi je, wapitao kwetu tunawafanyaje? Hilo nalo lilinishangaza kulijua nikiwa ugenini. Mgeni anayehitaji viza yetu, akiwa anakatiza tu Tanzania kwenda kwingine, kuna viza ya kupita: dola 30, siku zisizozidi 7, na lazima aonyeshe tiketi ya kuendelea na ruhusa ya kuingia huko aendako. Maswali yaleyale ya uani, ila sisi kwa watu hao tunatoza. Wala si jambo jipya. Misafara ya zamani iliyopita Unyamwezi na Ugogo ililipa hongo, ushuru wa njia, kwa kila mtemi, ikahesabiwa vitambaa na shanga mpaka watu wakakasirika.

Nakonde nilipata mshangao mwingine, wa bure kabisa: nilirudishiwa saa moja ya maisha. Zambia wako nyuma yetu kwa saa moja. Wakata tiketi wa Nakonde wameshazoea, wanakuuliza, "Saa ya Zambia au ya Tanzania?" kama anavyouliza muuza chai, yenye maziwa au ya rangi? Basi la saa nane lilikuwa la saa tisa ya kwetu, na dada aliyekaa nami alikuwa na saa ya mkononi inayosema hivi na simu inayosema vile. Kubadilisha fedha kulikuwa rahisi kwa hesabu ya kichwa: kwacha moja kama shilingi 100. Wanaume wenye mabunda ya noti wanakufuata mpaka mlangoni mwa basi. Nilibadilisha kidogo, kwenye duka lenye dirisha.

Kutoka Nakonde hadi Lusaka ni kama kilomita 1,000, na nitasema ukweli, nyingi ni miti. Miombo ileile ya Katavi, mchwa walewale, mkaa uleule uliopangwa kandokando ya barabara kwenye magunia yenye kofia za majani. Nilijikuta naudhika: nimeacha pori nije kulipia nauli nione pori? Kilichobadilika ni watu. Hadi Isoka bado nilisikia Kiswahili; mbele ya hapo kikakatika, kikabaki Kibemba na Kiingereza, na mimi nikabaki na tabasamu. Kwenye kituo kimoja Mpika mama alinyanyua bakuli dirishani. Nikadhani karanga. Walikuwa viwavi, wamekaushwa, weusi, kila mmoja kajikunja. Kumbikumbi nakula, tena wa kukaanga nawapenda, lakini hawa walikuwa na vinywele. Dada wa pembeni alitafuna wawili kunionyesha kwamba hawaumi. Nilichukua mmoja. Ladha yake ni ya samaki mkavu aliyewahi kulala jikoni penye moshi, na nitasema tena: si mbaya.

Saa tatu usiku basi likasimama. Hakuna aliyeshtuka ila mimi. Mabasi ya abiria huko hayaruhusiwi kutembea usiku kucha, amri ya 2016 baada ya ajali nyingi. Mnalala palipo hapo mpaka saa kumi na moja alfajiri. Sisi tulikuwa na marufuku ya namna hiyo kwa miaka mingi, tukafungua 2023. Abiria walitoa mablanketi kama watu waliofika nyumbani. Kwa kuwa usingizi ulinikataa, nilimsikiliza mzee mmoja aliyejua Kiingereza cha polepole akinieleza kwamba mbele, upande wa Serenje, kuna njia ya kwenda Chitambo, alikofia Livingstone mwaka 1873. Hilo nalikumbuka la darasani: watumishi wake Chuma na Susi na wenzao waliuzika moyo wake pale, wakaukausha mwili, wakaubeba kwa miguu hadi Bagamoyo. Njia yao ilipita pande zetu za Rukwa na Tabora. Niliwaza ni mabwana wangapi wa njia waliowasimamisha wale vijana wakawauliza: mnakwenda wapi, na mmebeba nini?

Lusaka nilikaa kidogo, na sina mengi ya kuisifu wala kuilaumu. Majengo marefu, barabara pana, na umeme wa mgao wa kutisha, maana Bwawa la Kariba lilikuwa limepungua maji na nchi inategemea maporomoko. Watu walilalamika sana. Mimi niliyezeeka na majenereta ya dizeli ya Mpanda nikawaonea huruma kwa ukubwa wa mtu aliyezoea. Ila chakula cha mchana karibu na stendi ya Intercity nakikumbuka. Waliniletea nshima, ugali mweupe laini uliochotwa kwa upawa ukawekwa mabonge mawili, pamoja na majani ya maboga ya karanga na kile walichokiita kapenta. Nikatazama kapenta. Nikamnusa. Huyu ni dagaa wetu! Dagaa wa Tanganyika, wa Karema, na jicho lake la fedha. Mhudumu akakataa: huyu katoka Kariba. Wote wawili tulikuwa sahihi. Mwaka 1967 na 1968 walichukuliwa dagaa wa Ziwa Tanganyika wakapandikizwa Kariba, wakazaliana, leo ni kitoweo cha Zambia na Zimbabwe. Waliingia bila kuulizwa wanatokea mpaka gani, wakabaki moja kwa moja.

Kutoka Lusaka nikaendelea hadi Livingstone, mji mdogo, tulivu, wa nyumba za zamani zenye baraza. Nilipofika kwenye maporomoko, Mosi-oa-Tunya, nilikuwa nimejitayarisha kuona maji yanashuka. Hayashuki. Nchi inapasuka mbele yako, upana wa mita 1,708, na mto mzima unatumbukia ndani ya ufa, kina cha mita 108, kisha ukungu unarudi juu unakunyeshea kutoka chini. Agosti maji yamepungua, waliniambia nirudi Aprili. Kwa hayo yaliyopungua nililowa mpaka kitenge cha ndani. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu, na Mchina mmoja akanipiga picha.

Gesti nilikutana na kijana wa Ulaya aliyekuwa anashuka na baiskeli kutoka Cairo kwenda Cape Town. Tanzania alilipa dola 50. Zambia aliingia bure, kwa sababu tangu mwishoni mwa 2022 wameondoa viza kwa watalii wa nchi nyingi za huko kwao. Lakini sasa alitaka kuvuka daraja aone maporomoko upande wa Zimbabwe, na huko alitakiwa alipe. Akawa anajadiliana na mwenye gesti kama akate ile viza moja ya Zambia na Zimbabwe, iliyoanza 2014, dola 50, siku 30, inayokuruhusu pia kuchungulia Botswana kwa siku moja kupitia Kazungula. Akaniuliza mimi nalipa kiasi gani.

"Sifuri," nikasema.

"Na Zimbabwe?"

"Sifuri."

"Na Botswana?"

Nikamwonyesha vidole vilivyofanya duara. Akaitazama pasipoti yangu, akaitazama yake. Sijawahi kuona mtu wa Ulaya akionea wivu kitu kilichotoka Mpanda. Nilimnunulia soda.

Kutoka Livingstone hadi Kazungula ni mwendo wa saa moja hivi kwa teksi ya kujaza. Zamani hapa watu na malori walivuka kwa pantoni, malori yakisubiri siku na wiki. Daraja lilifunguliwa Mei 2021, mita 923, na limepinda. Nilimuuliza dereva kwa nini wamejenga daraja lililopinda wakati mto umenyooka. Akacheka, akasema ni mambo ya mpaka. Hapo zinakaribiana nchi nne, Zambia, Botswana, Zimbabwe na Namibia, na Zambia na Botswana zinagusana kwa kipande kifupi sana cha mto. Daraja limepinda ili lisikanyage Zimbabwe. Kwa hiyo mimi nilipita Zambia bila viza ili nifike Botswana, juu ya daraja ambalo lenyewe linakwepa kuingia nchi ya tatu. Hata saruji inajua mipaka.

Kituo cha upande wa Botswana ni kikubwa, kisafi, kimya. Baada ya kelele za Tunduma, ule ukimya ulinitisha. Mhuri wa kutoka Zambia, kisha dirisha la Botswana. Ofisa, mama wa rika langu, aliniita "mma", akauliza yaleyale: kwa nani, siku ngapi, kisha unakwenda wapi. Safari hii niliposema "kisha narudi nyumbani kwa njia ileile" akaangalia mhuri wa Zambia, akaridhika kwamba wale wa nyuma walinipokea na kuniaga vizuri. Wanatoa mpaka siku 90 kwa mwaka mmoja wa kalenda. Nikadhani nimemaliza.

"Viatu," akasema kijana wa mlangoni.

Sikuelewa. Akaonyesha chini. Palikuwa na beseni pana lenye godoro jembamba lililolowa dawa. Nikanyage, mguu huu, na huu. Akauliza kama nina viatu vingine kwenye begi. Nikatoa vya kanisani, navyo vikakanyagishwa kwa mkono. Nyama? Hapana. Maziwa? Hapana. Ni kwa ajili ya ugonjwa wa miguu na midomo wa ng'ombe, maana Botswana inauza nyama Ulaya na ng'ombe wao wanalindwa kuliko waziri. Nikamkumbuka yule jamaa wa sokoni aliyesema wanatazama viatu. Nilimtumia ujumbe wa simu palepale kumwomba radhi.

Kasane ilinimaliza. Ngiri wanatembea mjini. Nasema mjini, kwenye kituo cha mafuta, wamepiga magoti wanakula majani pembeni ya pampu, na watu wanawapita. Kwetu ngiri akithubutu kukatiza stendi, kabla hajafika kwenye vibanda vya chipsi keshakuwa mboga. Usiku, mwanangu alisema, tembo nao hupita barabarani wakitoka Chobe, na wanapewa njia.

"Mama mdogo, umefika kweli!" Alinikumbatia pale stendi, akanipokea mabegi, akaninukuu njia nzima: kumbe nilikuwa nimempigia simu kila mpaka nikimweleza maswali niliyoulizwa. Akanionyesha kwa mkono: kule Zimbabwe, kule Namibia, zote hawatudai viza, tukitaka Jumamosi tunakunywa chai nchi nyingine na kurudi kulala. Mimi nilitaka mtoto tu.

Mama mkwe wake, aliyetoka Serowe kuja kumuuguza binti, alitupokea mlangoni. Alinishika mikono yote miwili, akanisalimu kwa muda mrefu, akanikalisha barazani kwenye kiti kizuri. Nikanyanyuka niingie ndani. Akabaki amesimama mlangoni. Wakasemezana na mwanangu kwa Kitswana, mwanangu akawa mdogo kama mtoto wa shule.

"Mama mdogo, usikasirike. Ni mila yao. Mzazi na kichanga wanakaa ndani, hawaonani na kila mtu, hata miezi mitatu. Na mtu aliyetoka safari miguu yake ina moto, si vizuri kwa mtoto. Upumzike kwanza."

"Nimepumzika Zambia nzima."

Akatafsiri. Mama yule akatikisa kichwa kwa upole wote. Sisi tuna arobaini, na mimi mwenyewe nimewahi kumzuia shemeji yangu mlangoni kwa sababu hiyohiyo, kwa hiyo sikuwa na la kujibu. Nikavua viatu vyangu vilivyolowa dawa nikaviweka mbali. Akaniletea uji mzito wa mtama na kikombe cha chai. Kisha akauliza kitu, na mwanangu akacheka kabla ya kutafsiri: anataka kujua mpakani wamenipa siku ngapi. Nikafungua leso, nikampa pasipoti. Aliisoma ukurasa kwa ukurasa, mhuri wa kwetu, wa Zambia, wa kwao, akairudisha.

"Anasema zinatosha," akasema mwanangu. "Kesho jioni utamshika. Na kesho kutwa utaanza kupika, maana yeye mgongo unamuuma."

Kitenge nilichomletea alikipenda. Cha mjukuu alikichukua yeye, akaingia nacho ndani, akafunga mlango.